Postikadi za Zamani za Malindi: Namna ya Kuzisoma, Kuziulizia na Kuzitunza

Kabla hujalitupa boksi la makaratasi aliloliacha marehemu babu, lipekue. Kati ya risiti za kodi ya kiwanja na barua za jamaa wa Unguja huenda ukakuta postikadi mbili tatu: ufuo, safu ya mivinje, baraza la hoteli lenye paa la makuti, na nyuma yake mwandiko wa mtu usiyemjua. Wengi wetu huziweka kando tukisema hizo ni picha za watalii, hazituhusu. Zinatuhusu sana. Muuza kadi alikuwa na sababu ya kupiga picha mahali ambapo mwenyeji hakuona haja: kivukoni, sokoni, njia ya mchanga inayoingia mjini, mbele ya hoteli saa wafanyakazi wanapopita. Alipiga ili auze, na bila kukusudia akatuachia ushahidi.

Ila ushahidi huo una hila. Postikadi ilitengenezwa imvute mgeni, kwa hiyo huficha kama inavyoonyesha. Ukitaka historia ya mji, na si ndoto ya mtalii, shika mambo matatu: soma mgongo wa kadi kabla ya uso wake, tazama pembeni mwa picha kabla ya katikati, kisha mpelekee kadi mtu aliyekuwapo. Mengine yote humu ni namna ya kuyafanya hayo matatu vizuri.

Nimeichagua Malindi kwa kuwa ni mji wa mapumziko ambao historia yake inafuatika vizuri kwenye kadi. Njia hizihizi zitakufaa ukiwa Mombasa, Unguja, Tanga, Bagamoyo au Lamu.

UIJUE HISTORIA YA MJI KWANZA

Huwezi kuiweka kadi mahali pake kama hujui mji ulipitia wapi. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na nguzo inayobeba jina lake imerudiwarudiwa kwenye kadi hadi leo. Mwishoni mwa karne ya 16 watawala wake walihamia Mombasa na mji ukanyong'onyea. Ludwig Krapf alipopita mwaka 1845 alikuta magofu. Mwaka 1861 Sayyid Majid wa Zanzibar aliufufua kwa mashamba ya nafaka, na jembe la mashamba hayo lilishikwa na watumwa. Usitarajie kuliona hilo kwenye kadi ya ufukweni, lakini likumbuke kila unapoona minazi na viunga vya kupendeza.

Mji wa mapumziko ulianza miaka ya 1930. Walowezi wa nyanda za juu za Kenya waliteremka pwani kupumzika, hoteli kama Lawford's na Sindbad zikasimama, na mwaka 1934 Ernest Hemingway alikuja kuvua samaki wa maji makuu. Hoteli hizo zilikuwa za Wazungu. Mwenyeji aliingia kwa mlango wa kazi, si wa mgeni, na ubaguzi huo ulidumu mpaka ukoloni ulipokaribia kuondoka. Mwaka 1967 Waitalia walianza kurusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini huko Ngomeni. Mwaka 1968 zikatangazwa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Kisha watalii wa Ulaya, Waitalia wakiwa wengi, wakamiminika.

Kadi zilifuata mkondo huo: kwanza nguzo na magofu, halafu mabaraza ya hoteli, halafu matumbawe na samaki wa rangi, mwisho bwawa la kuogelea. Kadi ya bwawa la kuogelea mbele ya bahari inakuambia jambo: hoteli ilikuwa haimtegemei tena mgeni aingie baharini.

VIFAA

☐ Kioo cha kukuzia, cha mara 10 kikiwezekana (mafundi saa wanacho)
☐ Rula
☐ Penseli laini, 2B. Kalamu ya wino isikaribie meza
☐ Tochi ndogo ya kukagulia noti bandia, ile ya madukani
☐ Simu yenye kamera nzuri, au skana
☐ Daftari na bahasha za karatasi nyeupe

Osha mikono kwa sabuni, ikaushe, usipake mafuta. Shika kadi kwa kingo zake.

HATUA YA KWANZA: GEUZA KADI

Uso wa kadi ulipangwa upendeze. Mgongo haukuwa na haja hiyo. Ndiyo maana taarifa za kuaminika nyingi ziko nyuma.

1. *Tafuta mstari wa kati.* Kadi za mwanzo zilitenga mgongo mzima kwa anwani, na ujumbe ukabanwa upande wa picha, chini au pembeni. Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe mwaka 1902, na mkutano wa Umoja wa Posta Duniani uliofanyika Roma mwaka 1906 ukaikubali desturi hiyo kimataifa. Kadi isiyo na mstari, basi, kwa kawaida ilichapwa kabla ya 1907 hivi. Kadi za hoteli za Malindi zote zina mstari. Zisizo nao utazikuta za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam.

2. *Soma stempu.* Jina la nchi, sura ya mtawala na aina ya fedha ni saa tatu zinazosema wakati mmoja. Kisanduku kilicho hapa chini kitakusaidia.

3. *Soma mhuri wa posta.* Utoe mwaka kwa kuinamisha kadi kwenye mwanga wa dirisha, wino hung'aa. Angalia pia jina la posta: kadi ya Malindi iliyogongwa mhuri Mombasa au Nairobi huenda inaonyesha mgeni aliinunua akaiandika akiwa safarini kurudi.

4. *Andika jina la mpiga picha au mchapaji, hata likiwa herufi mbili.* Zanzibar ya zamani ilikuwa na studio za Wagoa: A. C. Gomes, ndugu Coutinho, Pereira de Lord. Dar es Salaam kulikuwa na Vincenti na Walther Dobbertin. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja. Kadi nyingi za kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia zilipigwa hapa zikapelekwa Ulaya, hasa Ujerumani, kuchapwa. Jina la studio likijulikana, kadi kumi nyingine huja nyuma yake.

5. *Nakili ujumbe wote, neno kwa neno, pamoja na makosa yake.* Mgeni alimwandikia mamaye kuhusu joto, bei ya chumba, kivuko kilichowachelewesha, jina la mpishi. Sentensi kama hizo hazimo katika tangazo lolote la hoteli. Mimi kadi chafu iliyosafiri ikarudi naithamini kuliko safi iliyokaa dukani, hata kama mkusanyaji atailipia kidogo.

KISANDUKU: SAA ZA KADI

*Stempu za upande wa Kenya*
• Afrika Mashariki na Uganda, 1903 hadi 1922
• Kenya na Uganda, 1922 hadi 1935
• Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, kuanzia 1935
• Kenya peke yake, kuanzia uhuru, Desemba 1963 (stempu za pamoja ziliendelea kutolewa miaka kadhaa)

*Fedha*
• Anna: kabla ya 1907
• Senti za rupia: 1907 hadi karibu 1920
• Shilingi: kuanzia 1922

*Wafalme kwenye stempu*
• Edward wa Saba, hadi 1910. George wa Tano, hadi 1936. George wa Sita, hadi 1952. Kisha Malkia Elizabeth

*Masultani wa Zanzibar*
• Hamoud bin Mohammed 1896–1902. Ali bin Hamoud 1902–1911. Khalifa bin Haroub 1911–1960
• Stempu za sultani zilizopigwa chapa "Jamhuri 1964": baada ya mapinduzi ya Januari mwaka huo

*Alama za barabarani na majini*
• Daraja la Nyali linaloelea: 1931 hadi 1980
• Pembe za Ndovu, Mombasa: miaka ya 1950 na kuendelea
• "Kilindini Road" katika maelezo ya picha: kabla haijaitwa Moi Avenue
• Kivuko cha Kilifi: kabla ya daraja la 1991

ONYO: kadi moja ina tarehe tatu. Kuna siku picha ilipopigwa, siku kadi ilipochapwa, na siku ilipotumwa. Zinaweza kupishana miaka kumi na zaidi, kwa sababu mwenye duka aliendelea kuuza picha ya zamani mpaka ziishe. Chukua Beit el Ajaib ya Unguja. Ilijengwa mwaka 1883 enzi ya Sayyid Barghash. Kabla ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, mnara ulisimama peke yake mbele ya majumba ya kifalme. Baada ya matengenezo mnara wa saa ukawa sehemu ya uso wa Beit el Ajaib yenyewe. Ukikuta kadi yenye mhuri wa 1905 inayoonyesha mnara uliosimama peke yake, mhuri haudanganyi na picha haidanganyi: picha ni ya kabla ya 1896. Andika tarehe zote mbili, usichague moja.

HATUA YA PILI: SOMA USO, UKIANZIA PEMBENI

1. *Weka kioo cha kukuzia juu ya anga.* Ukiona nukta zimejipanga mistari, hiyo ni picha iliyochapwa kwa mashine. Ukiona kijivu laini kisicho na nukta, ni picha halisi iliyosafishwa studio kwenye karatasi ya postikadi, na mara nyingi hizo zilitolewa chache. Ukiona vikunjo vidogo kama ngozi ya mkono, ni uchapaji wa kioo wa zamani, nao ni mzuri kwa kuonyesha mambo madogo. Rangi ikipita kando ya umbo lake, ilipakwa baadaye na mtu ambaye pengine hakuwahi kufika Malindi. Usiandike kwamba mlango ulikuwa wa buluu kwa sababu kadi imesema hivyo.

2. *Tafuta upande.* Bahari ya Malindi iko mashariki. Umesimama ufukweni na maji yako kuliani: unatazama kaskazini. Yako kushotoni: unatazama kusini. Kivuli kikiangukia nchi kavu ni asubuhi, kikiangukia majini ni alasiri. Vitu hivyo vikipingana, chunguza kama picha iligeuzwa wakati wa kuchapwa. Herufi za bango la duka zitakuambia.

3. *Tafuta msimu.* Makuti ya minazi yanalalia upande gani? Upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, huyasukuma kuelekea kusini magharibi. Wa kusi huyageuza. Kwenye kadi za bandari ya Unguja na Mombasa, majahazi makubwa yaliyojazana nangani ni dalili ya kaskazi, wakati vyombo vya Uarabuni na Ghuba vilipokuwa vimeteremka na vinangoja upepo wa kurudi.

4. *Tafuta maji.* Yamejaa au yamekupwa? Ni bamvua au maji mafu? Jibu la swali hili utalihitaji baadaye, ukitaka kupiga picha mpya mahali palepale.

5. *Sasa nenda pembeni.* Nani anaondoka kwenye picha? Kuna mtu anayefagia, mwanamke mwenye ndoo, kijana aliyekaa kwenye ukingo wa ngalawa? Kuna nguzo ya umeme, bomba, gari, baiskeli? Katikati ya picha ni ya mwenye hoteli. Pembeni ni ya mji.

Kadi za Mombasa za "trolley" zinafundisha jambo hili kuliko nyingine. Katikati yuko afisa aliyevaa nguo nyeupe, amekaa kwenye kigari chenye kivuli cha turubai juu ya reli nyembamba. Maandishi yanamtaja yeye au chombo chake. Nyuma, miguu yao ikiwa imeinuka mbio, wako watu wawili wanaosukuma, wasio na jina popote. Usafiri wa mji mzima ulikuwa mgongoni mwa watu hao. Unapoandika maelezo yako, waanze wao.

Malindi kuna jambo jingine la kupima, nalo si la watu bali la mchanga. Mto Sabaki, unaotoka mbali nyanda za juu ukipita kwa jina la Athi na Galana, humwaga baharini kaskazini tu ya mji, na hubeba udongo mwingi unaomomonyoka mashambani huko juu. Udongo huo umeusogeza ufuo wa ghuba ya Malindi kuelekea baharini, hivi kwamba majengo yaliyokuwa karibu na maji sasa yana vilima vya mchanga na vichaka mbele yake. Maji nayo hugeuka mekundu mto unapofurika. Kwa hiyo kadi ya miaka ya 1950 inayoonyesha ngazi za hoteli na mawimbi karibu nazo ni kipimo. Hesabu hatua kati ya ngazi na mstari wa maji kwenye picha, kwa kulinganisha na urefu wa mtu aliyesimama hapo. Kisha nenda ukahesabu leo. Wataalamu wa ufukwe hufurahia kupata kumbukumbu ya namna hii, na wewe hukuhitaji chombo chochote ila miguu.

MFANO WA KUSOMA KADI MOJA

Tuseme umeshika kadi hii. Mbele: baraza la hoteli, viti vya kamba, wageni wanne, na mhudumu amesimama na sinia. Amevaa kanzu nyeupe, mshipi mpana kiunoni na tarbushi. Nyuma yake mivinje, kisha bahari. Kingo za kadi zimekatwa mawimbi-mawimbi. Mgongoni mstari wa kati, stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye sura ya Malkia Elizabeth kijana, mhuri haukusomeka.

Anza: stempu inaiweka kati ya mwanzo wa enzi ya Elizabeth na miaka michache baada ya uhuru. Kingo za mawimbi ni mtindo uliopendwa sana miaka ya 1950. Rula inatoa sentimita 9 kwa 14, kipimo cha kadi za zamani, kabla kadi kubwa zaidi hazijaenea. Andika: "karibu 1953 hadi 1963". Usiandike "1957" kwa kuwa umependa namba hiyo.

Endelea: vivuli vinaelekea nchi kavu, basi ni asubuhi. Sinia lina birika na vikombe, si bilauri. Miti ya mivinje ni mirefu kupita paa. Mvinje hukua haraka, lakini huo si wa jana, basi bustani imepandwa miaka kadhaa kabla. Wageni wote ni Wazungu. Mhudumu ndiye peke yake anayemtazama mpiga picha.

Swali linalobaki ndilo kubwa: huyo mhudumu ni nani, na aliishi mtaa gani? Kioo cha kukuzia hakina jibu. Linapatikana Shela, Barani au Maweni, kwa watu ambao baba zao walifanya kazi kwenye mabaraza hayo.

HATUA YA TATU: MPELEKEE ALIYEKUWAPO

Waliofanya kazi hotelini miaka ya 1950 na 1960 wanazidi kuwa wachache. Ukipata muda wa kazi moja tu katika mwongozo huu, chagua hii.

1. Chapisha nakala kubwa, ukubwa wa karatasi ya A4. Mzee haoni vizuri kwenye simu, na kadi halisi isipite mikononi.
2. Tanguliza mtu anayemjua. Fika kwa adabu, "Shikamoo mzee", kaa, uliza afya na watu wa nyumbani. Usitoe picha siku hiyohiyo kama hali haijaruhusu.
3. Omba ruhusa ya kurekodi, na useme rekodi itakwenda wapi.
4. Mpe picha, unyamaze. Mwache aizungushe. La kwanza atakalolisema bila kuulizwa ndilo la kuandika kwa uangalifu.
5. Uliza maswali ya mahali na kazi kabla ya majina: "Mzee, hapa ni wapi?" "Mlikuwa mkiingilia upande gani?" "Kiwanja hiki kabla ya hoteli kilikuwa cha nani?" "Kivukoni mlikuwa mkingoja muda gani?" Majina huja yenyewe.
6. Onyesha kadi ileile kwa mtu wa pili ambaye hakuwapo ulipozungumza na wa kwanza. Wakitofautiana, andika kauli zote mbili.

Usimsahau bibi. Wanaume watakutajia meneja na boti. Wanawake watakutajia nani alifua mashuka, samaki waliuzwa kwa nani, na watoto walikatazwa kuoga sehemu gani ya pwani. Mwite Bi au Mama fulani kama anavyoitwa mtaani kwake, na ukiwa kijana wa kiume nenda na dada yako au shangazi.

*Makosa ya kawaida*
• Kumwambia mzee mwaka kabla hajasema. Atakubaliana nawe kwa heshima, na umeharibu ushahidi.
• Kuuliza "Je, mambo yalikuwa mazuri zamani?" Swali hilo huleta jibu la jumla.
• Kuondoka na picha pekee aliyokuwa nayo ili "ukaipige kopi". Ipige hapohapo kwa simu, karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, simu ikiwa sambamba na meza.

PICHA ZINAZOVUNJA HESHIMA

Utakutana nazo. Studio za zamani ziliuza kadi za wanawake na wasichana, wengine wakiwa wamevuliwa nguo, wameandikwa aina tu: "Swahili", "Nyasa", "Native woman". Kuna za wafungwa wenye minyororo. Hao walikuwa watu, na wajukuu wao huenda wako mtaani kwenu.

Usizitupe, maana nazo ni ushahidi wa walivyotendewa. Ila usizirushe kwenye kundi la WhatsApp, usizitumie kupamba bango la tamasha, na usirudie maandishi ya mchapaji kana kwamba ni maelezo yako. Yanakili ndani ya alama za kunukuu, kisha andika kwa maneno yako unachokiona. Mtu akitambuliwa, familia yake ndiyo ya kwanza kuulizwa.

HATUA YA NNE: PIGA PICHA MPYA MAHALI PALEPALE

1. Chagua kadi yenye vitu viwili visivyohama, kimoja mbele ya kingine: nguzo ya Vasco da Gama na ncha ya mwamba, mnara wa msikiti na pembe ya ukuta.
2. Tembea mpaka vitu hivyo viwili vikutane kama vilivyo kwenye kadi. Hapo ndipo mpiga picha aliposimama, au karibu yake.
3. Muulize mvuvi siku ya maji yanayofanana na ya kadi. Ukipiga maji yakiwa yamejaa kulinganisha na picha ya maji yaliyokupwa, utadhani ufuo umeliwa.
4. Fika saa ambayo vivuli vinaangukia upande uleule.
5. Piga, kisha andika tarehe, saa, hali ya maji, na upande uliokuwa ukitazama.

Ukifika penye uzio wa mtu binafsi, omba ruhusa kwa mlinzi. Ukikataliwa, andika kwamba mahali hapo hapaingiliki sasa. Hilo nalo ni historia ya ufuo.

KUTUNZA

Joto na unyevu wa pwani ni adui wa karatasi, na mchwa ni wa pili. Weka kila kadi kwenye bahasha yake ya karatasi nyeupe isiyo na asidi, au mfuko wa poliesta ukiupata. Epuka plastiki laini yenye harufu kali. Hutoa kemikali inayonata kwenye picha. Simamisha bahasha ndani ya boksi lenye mfuniko, tia vifuko vya kunyonya unyevu, na uliweke kabatini mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Lifungue kila mwezi, zaidi wakati wa masika.

*Usifanye kamwe:*
✗ Kuweka laminesheni. Haiondoki bila kuiua kadi.
✗ Selotepu, gundi, au albamu za kunata.
✗ Kubandua stempu. Umeondoa saa kwenye ukuta.
✗ Kufuta ukungu kwa kitambaa kibichi. Ianike kivulini penye upepo, kisha pangusa kwa brashi laini.
✗ Kuandika kwa kalamu ya wino. Namba ya kadi iandikwe kwa penseli, mgongoni, pembeni, bila kukandamiza.

Kadi yenye wadudu itie ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, uiweke kwenye friza wiki mbili, kisha ingoje ipate joto la chumba kabla hujaufungua.

Skani pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, pamoja na kingo zake. Mgongo mtupu nao uskani. Hifadhi nakala mahali pawili tofauti. Simu peke yake si hifadhi.

UKINUNUA

Kadi za pwani yetu nyingi ziko Ulaya, kwa sababu ndiko zilikotumwa, na huuzwa kwenye minada ya mtandaoni kama eBay na Delcampe. Tafuta kwa tahajia zote: "Malindi" na "Melinda", "Mombasa" na "Mombassa". Omba picha ya mgongo kabla hujalipa. Kadi ikidaiwa ni ya 1910, imulike kwa ile tochi ya noti: karatasi ikiwaka nyeupe ya kibuluu, ina dawa ya kung'arisha iliyoingia kwenye karatasi katikati ya karne ya 20, basi ni nakala. Nukta za rangi za kisasa chini ya kioo hutoa jibu lilelile.

Na usinunue uliyoweza kuskani. Kwa kazi ya historia, nakala nzuri yatosha, na pesa hiyo ilipe nauli ya kwenda kwa wazee. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kinahifadhi mkusanyo wa Winterton wa maelfu ya picha za Afrika Mashariki za 1860 hadi 1960, na zimewekwa mtandaoni.

Kabla ya kuchapisha kitabu au kalenda, kumbuka hakimiliki. Sheria ya Kenya ya 2001 huilinda picha kwa miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au kutolewa kwa umma, wowote ulio wa karibuni zaidi. Kadi ya miaka ya 1950 kwa kawaida imepita; ya miaka ya 1980 bado.

FOMU YA KILA KADI

☐ Namba (kwa mfano MLD-001)
☐ Vipimo, na aina ya uchapaji
☐ Maandishi yaliyochapwa, kama yalivyo
☐ Mpiga picha au mchapaji
☐ Stempu, mhuri, ujumbe
☐ Tarehe ya picha. Tarehe ya kutumwa. Sababu ya kila moja
☐ Mahali, upande, saa, maji, msimu
☐ Watu, wakianza walioko pembeni
☐ Nani aliitambua, lini, kwa maneno yake
☐ Kadi iko kwa nani, na ruhusa aliyotoa

Anza na kadi kumi, usingoje mia. Zikikamilika, toa nakala mbili za fomu na picha zake. Moja ipeleke kwenye Makumbusho ya Malindi, Nyumba ya Nguzo. Nyingine mrudishie mzee au bibi aliyekutajia majina, msomee yote kwa sauti, na urekebishe kwa penseli kila anapokukatiza.